Jiko la mninga lenye dirisha moja: uchaguzi wa granaiti na vigae vya ukutani

Nyumba yenyewe iko Madale, kaskazini mwa Dar es Salaam, na nilipoitwa kuisimamia ilikuwa imebakiza umaliziaji tu. Wenye nyumba ni mume na mke waliokwisha kuvuka miaka 50: mume ni mtumishi wa umma anayekaribia kustaafu, na mkewe hupika kwa oda, pilau na biriani za shughuli pamoja na maandazi ya kila asubuhi, kwa hiyo jiko walilojenga si la kuchemshia chai ya wageni. Kazi niliyopewa ilisemwa kwa sentensi moja. "Mwanangu," mama aliniambia, "tusaidie kuchagua rangi ya granaiti, maana sisi tumeshindwa kuelewana." Nilidhani nitaimaliza kwa mchana mmoja, nikaimaliza kwa wiki mbili na nusu, na karibu kila jibu la swali lile la rangi lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama: kwenye mwanga wa dirisha, maji ya kisima na mafuta ya kupikia.

Jiko lina mita 3.6 kwa mita 2.7. Kaunta ya zege ilikwisha kumwagwa kwa umbo la herufi L, ukuta mmoja mzima wa mita 3.6 na mkono wa mita 2.1 unaotoka kwenye kona, kina chake sentimita 60. Makabati ya mninga yalikuwa tayari yamefungwa juu na chini na kupakwa vanishi. Sakafu ilikuwa na vigae vya rangi ya maziwa ya mtindi. Dirisha ni moja, juu ya sinki, nalo linatazama ukuta wa jirani ulio umbali wa mita moja na ushee, hivi kwamba hata saa sita mchana mwanga unaoingia ni ule uliokwisha kugonga ukuta wa watu kwanza. Maji ni ya kisima kilichochimbwa uani, na kama visima vingi vya ukanda huu wa pwani, maji yake yana chumvi ya kutosha kuacha ukoko mweupe kwenye birika.

Juu ya hayo kulikuwa na matakwa matatu yasiyopatana. Mzee alitaka granaiti nyeusi yenye chembe za dhahabu, kwa kuwa aliiona katika nyumba ya mkubwa wake wa kazi na haikumtoka akilini. Mama alitaka nyeupe, na picha zake zilikuwa kwenye simu, majiko mapana ya nchi za baridi yenye madirisha kutoka sakafuni hadi dari. Tatu, kulikuwa na maboksi matano ya vigae vya ukutani vyenye maua ya bluu, ambavyo mama alivinunua kwa bei ya punguzo kabla jiwe halijachaguliwa na ambavyo duka lilikataa kuvirudisha. Maboksi hayo ndiyo yaliyonipa kazi kubwa kuliko jiwe lenyewe. Kigae hupatikana katika rangi mia na huagizwa upya kesho, ilhali bamba la granaiti ni moja, na mishipa na madoa yake huwezi kuyabadilisha. Anayenunua kigae kwanza amejifunga kutafuta jiwe la kukifuata, na mara nyingi halipo.

Nilianza kwa kuandika vitu ambavyo havitabadilika, kwa sababu fedha yake ilikwisha kutumika: mninga, sakafu, dirisha na kisima. Mninga ni mti mgumu kuushirikisha na jiwe. Rangi yake haitulii. Mlango mmoja wa kabati una kahawia ya asali, wa pili una wekundu wa udongo wa kichuguu, na vanishi huongeza unjano juu ya vyote viwili. Jiwe lenye ubaridi wa kijivu likiwekwa juu yake hufanya mbao zionekane za machungwa, na jiwe la kahawia hufanya jiko lote liwe kahawia. Kwa hiyo hata kabla ya kwenda kwenye yadi ya kuuzia mawe nilikuwa nimekwisha kuyaondoa moyoni mawe ya kijivu na yale ya kahawia iliyoiva.

Tulikwenda yadi siku ya Jumamosi, sote watatu. Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba sokoni karibu kila jiwe gumu linalong'arishwa huitwa granaiti, na majina yake ni ya biashara tu. Black Galaxy aliyoipenda mzee huchimbwa Chimakurthy, katika jimbo la Andhra Pradesh huko India, na mwanajiolojia hataiita granaiti kamwe: granaiti halisi ina madini ya kwatsi na feldispa kwa wingi, wakati jiwe hili ni mwamba mweusi wa jamii nyingine, na zile chembe zinazometa kama dhahabu ni madini yaitwayo bronzaiti. Kashmir White, iliyokuwa karibu zaidi na picha za mama, haitoki Kashmir. Hutoka kusini kabisa, Tamil Nadu, na vidoa vyake vyekundu ni madini yaitwayo ganeti. Ya tatu nilikwenda kuiomba mwenyewe. Inaitwa Santa Cecilia, hutoka Brazili, ina msingi wa rangi ya krimu iliyoegemea manjano, madoa meusi, na ganeti za rangi ya zambarau iliyoiva zilizotawanyika kama punje za mtama.

Mwenye yadi alitupa vipande vya sentimita 10 kwa 10. Nilivirudisha. Katika kipande cha ukubwa huo Santa Cecilia inaweza kuonekana nyeupe au nyeusi kutegemea ni doa gani limeangukia hapo, na taa za yadi zilikuwa zile nyeupe kali za Kelvini 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda mwanga huwa mweupe zaidi, ikishuka huwa wa manjano) ambazo huua unjano wote. Tuliomba mabaki yenye ukubwa wa daftari la shule, moja kwa kila jiwe, tukaacha dhamana, tukaondoka nayo.

Kwa siku tatu mabaki yale yalikaa juu ya kaunta ya zege, yameegemezwa kwenye mlango wa mninga uliofunguliwa. Tuliyatazama asubuhi, saa nane mchana, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Saa nane mchana jiwe jeusi lilikuwa shimo. Chembe za dhahabu zilizomvutia mzee zinahitaji mwanga wa kuzigonga, na jikoni mle mwanga haukuwapo. Usiku zilionekana, lakini uso ule uliong'arishwa ulirudisha pia picha ya balbu kama kioo, na ukisimama mahali pa kukatia vitunguu balbu ilikuwa inakutazama machoni. Nyeupe ilifanya kinyume kwa namna ambayo sikuitarajia: badala ya kuangaza jiko, ilivuta kivuli cha ukuta wa jirani na kuwa na rangi ya majivu, na mninga pembeni yake ukaonekana umewiva kupita kiasi. Santa Cecilia asubuhi ilikuwa ya kawaida tu. Jioni, chini ya taa ya manjano, zile ganeti na wekundu wa mninga vilikutana. Mama ndiye aliyeliona jambo hilo kwanza, akaita, "Baba, njoo uone, huku kama vimezaliwa pamoja." Mzee alikuja, akatazama, akasema ni nzuri lakini si nyeusi.

Usiku wa pili nilifanya jaribio ambalo nalifanya kila jiko, na ambalo naona lina thamani kuliko katalogi yoyote. Kwenye kila kipande niliweka matone manne: mafuta ya kupikia, mafuta yaliyochanganywa na bizari ya manjano, maji ya ndimu, na maji ya kisima chenyewe, nikayaacha hadi alfajiri bila kufuta. Jiwe jeusi halikunywa mafuta wala manjano, likafutika safi. Lakini tone la maji ya kisima liliacha duara jeupe la chumvi, na hilo kwenye weusi ule uliliona tangu mlangoni. Jeupe lilikunywa mafuta likaacha doa la kijivu lenye ukubwa wa shilingi, na manjano yaliacha kivuli kilichokataa kutoka kwa sabuni. Santa Cecilia nayo ilikunywa mafuta, doa likaonekana kwa anayelitafuta, kisha nikalitoa kwa poda iliyokandwa na asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na kufunikwa kwa plastiki usiku mmoja. Maji ya kisima yaliacha duara pale pale, ila iliwapasa kuinama na kutazama kwa upande ndipo walione. Ndimu haikufanya kitu kwenye mawe yote matatu. Ingekuwa marumaru ingetoa povu na kuacha uso umepauka, kwa sababu marumaru ni jiwe la chokaa na asidi huila. Jikoni kwa mtu anayekamulia ndimu kwenye kila kachumbari, marumaru haina hata haja ya kujadiliwa.

Mzee hakukubali kirahisi, na sikumlaumu, kwa maana kwa upande wa madoa jiwe lake ndilo lililoshinda. Hoja yake ilikuwa kwamba chumvi inafutwa. Ni kweli inafutwa, lakini nilimwomba ahesabu sinki hutumika mara ngapi kwa siku katika nyumba inayotoa maandazi kabla ya jua, na ni nani atakayesimama na kitambaa kikavu kila mara. Alinyamaza kidogo, kisha akapendekeza yadi nyingine ambako weusi ulikuwa wa bei nafuu zaidi. Tulikwenda. Nilichovya pamba nyeupe kwenye asetoni nikasugua nyuma ya kona ya bamba, nayo ikarudi na weusi. Jiwe lile lilikuwa la kijivu lililopakwa rangi ili lipite kwa jeusi, na baada ya mwaka wa ndimu na sabuni lingerudi kwenye asili yake kwa mabaka. Mzee aliitazama ile pamba muda mrefu. Njiani kurudi hakuutaja tena weusi.

Nyeupe niliikataa kwa sababu nyingine pia, nayo inanihusu mimi. Miaka michache kabla ya hapo, katika nyumba ya mtu mwingine, niliruhusu granaiti nyeupe ilazwe juu ya kaunta ya zege changa kwa mota ya saruji ya kawaida. Mawe ya namna hiyo hupitisha unyevu. Baada ya wiki moja mabaka meusi yalipanda kutoka chini, mengine yakakauka baada ya miezi, mengine yakabaki, na kwenye sehemu zenye madini ya chuma pakaota vidoa vya kutu ambavyo hakuna sabuni iliyovitoa. Majiko yetu mengi hujengwa hivyo, kaunta ya zege chini na jiwe juu, tofauti na zile picha za kwenye simu ambako jiwe hukaa juu ya kabati kavu la mbao. Kwa hiyo nikiona jiwe la rangi nyepesi, swali langu la kwanza siku hizi ni umri wa zege. Hapa Madale lilikuwa na miezi minne, limekauka, na hata hivyo kwa ile Santa Cecilia niliagiza gundi nyeupe ya vigae badala ya mota, pamoja na kupaka dawa ya kuziba vinyweleo upande wa chini wa bamba kabla halijalazwa.

Bamba tulilolichagua lilikuwa na mita 2.9 kwa 1.7, unene wa milimita 20, na tulilichagua likiwa limesimama juani, tukimwaga maji juu yake ili rangi itokee. Granaiti ina uzito wa takriban kilo 2,700 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo bamba lile peke yake lilikuwa na kilo 266 hivi, jambo ambalo mafundi hulikumbuka zaidi kuliko rangi yake. Nililipima kabla ya kulilipia: vipande viwili vya upana wa sentimita 62, zikiwamo 2 za kutokeza mbele ya kabati. Kimoja kilitoa mita 2.9 za ukuta mrefu, na cha pili kikagawanywa kuwa sentimita 70 za kumalizia kona na mita 2.1 za mkono mfupi. Bamba moja likatosha, na kiungo kikaangukia karibu na kona, mbali na sinki, mahali ambapo maji hayatuami. Kwa jiwe lenye mishipa mirefu hesabu hiyo isingekubali, kwa kuwa mishipa ikikatwa na kugeuzwa kwenye kona huonekana kama nguo iliyoshonwa bila kulinganisha maua. Santa Cecilia ina madoadoa yasiyo na mwelekeo mkali, na kiungo chake kikijazwa gundi ya rangi ya krimu lazima ukitafute kwa kidole. Ukanda uliobaki ulitoa kingo ya kuongezea unene mbele ya kaunta na kizingiti cha dirisha.

Ndipo tukarudi kwenye maboksi ya maua ya bluu. Mama alitumaini kwamba kwa kuwa jiwe limepatikana, vigae vitakubali. Niliviweka vinne ukutani juu ya kipande cha jiwe, bila kusema neno. Jiwe lile lina rangi nne ndani yake, na vigae vile vina maua, majani na mistari. Jicho lilikuwa halijui pa kutua, kama ngoma mbili zinazopigwa uwanja mmoja. Ukuta ulio kati ya kaunta na makabati ya juu ni mwembamba, hapa una sentimita 55 tu, na ukishakuwa na jiwe lenye shughuli nyingi chini yake na mbao zenye mistari juu yake, kazi yake ni kunyamaza. Mama aliuliza kama tungechukua basi kigae cha rangi ya ganeti ili kifanane na jiwe. Hilo nalo nililipinga: ukiichukua rangi kali ya jiwe na kuijaza ukutani, ile iliyokuwa punje inakuwa blanketi, na jiko lile halikuwa na mwanga wa kubeba ukuta wa zambarau. Nilichukua rangi tulivu ya jiwe, ile krimu ya msingi, lakini sikutafuta kigae kinachofanana nayo hasa, kwa maana krimu mbili zinazokaribiana bila kulingana hufanya moja ionekane chafu. Nilipanda ngazi mbili kuelekea kwenye weupe. Vigae vikawa vyeupe visivyo vikali, vya kung'aa, vya sentimita 30 kwa 60, vilivyolazwa kwa ubavu, na mng'ao wao ndio uliorudisha jikoni mwanga mdogo wa dirisha ambao jiwe jeusi lingeumeza.

Ukubwa ule wa kigae haukuwa wa urembo tu. Kigae chenyewe hakishiki doa, kwa kuwa uso wake ni kioo. Kinachoshika ni grauti, ule ujazo wa kati ya kigae na kigae. Kila aliyewahi kufua kanzu iliyomwagikiwa mchuzi ameona manjano yakigeuka mekundu pindi sabuni inapogusa, na grauti ya saruji ina ukali wa aina ileile wa magadi, hivyo tone la bizari likirukia pale hugeuka rangi ya tofali na kuzama. Vigae vidogo vidogo vya mapambo, vinavyopendwa sana siku hizi, vina mistari ya grauti isiyohesabika, na nyuma ya jiko la mama huyu vingekuwa vimebadilika rangi kabla ya Ramadhani ya kwanza. Kwa vigae vya 30 kwa 60 na nafasi ya milimita 2, mistari ilikuwa michache, na nikaagiza grauti ya epoksi (ya gundi ya plastiki badala ya saruji) ya rangi ya krimu, ambayo hainywi. Ni ghali, hukauka haraka, na fundi wa vigae aliichukia waziwazi. "Bosi, hii ni kazi ya meno," aliniambia, akiikwangua vidoleni.

Taa tulichagua pia, si zile nyeupe kali bali za Kelvini 3,000 dari nzima, na ukanda wa taa chini ya makabati ya juu ukafunikwa kwa plastiki ya ukungu ili nukta zake zisijitokeze juu ya jiwe. Tundu la sinki lilikatwa uani kwa grenda na maji mengi, kwa kuwa vumbi la kwatsi likiingia mapafuni halitoki, na nilimkataza kijana aliyetaka kulikatia ndani kwa kavu ili awahi daladala. Kipande kilichotoka kwenye tundu hilo hakikutupwa. Kilisagwa kingo, kikang'arishwa, na sasa ni kibao cha kusukumia chapati, baridi na kizito, hakisogei. Vigae vya maua ya bluu vilikwenda jiko la nje, kwenye ukuta wa nyuma ya meko ya mkaa, ambako mchoro wao wenye fujo unaficha masizi vizuri, na mama husema kwamba kimoyomoyo alivinunua kwa ajili ya pale.

Nilirudi baada ya miezi saba. Granaiti ilikuwa imepakwa dawa ya kuziba mara ya pili kama nilivyoelekeza, na tone la maji lilikaa juu yake likiwa duara bila kuzama. Chumvi ya kisima ilikuwapo kuzunguka bomba na haikusumbua mtu. Kasoro niliyoikuta ilikuwa moja, nyuma kabisa ya mtungi mdogo wa chumvi: mstari wa grauti wenye urefu wa sentimita 30 hivi, umegeuka rangi ya tofali. Epoksi ilimwishia fundi jioni ya mwisho, akamalizia kwa ya saruji, akanyamaza. Nilijitolea kuukwangua na kuujaza upya siku hiyohiyo, lakini mama alikuwa na oda ya pilau ya watu 80 na hakutaka vumbi, akausogeza ule mtungi wa chumvi kidogo upande wa kushoto, akaniambia nikae nile kwanza.